Bia ya watawa, na chupa wanayomletea mzazi

Ukienda kumpongeza mama aliyejifungua, hukosi kumsikia shangazi au jirani akishauri: "Mpeni bia nyeusi kidogo, inaongeza damu na maziwa." Imani kwamba bia ni chakula haikuanzia mtaani kwetu. Historia ya kiwanda cha bia cha Paulaner, mjini Munich, Ujerumani, inaonyesha ilivyo ya zamani.

Kiwanda hicho kilianzishwa na watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, mji ulioko Italia. Jina Paulaner limetoka huko. Masharti yao yalikuwa makali: mwaka mzima hawakula nyama, mayai wala maziwa. Kwaresima ilipofika chakula kilipungua zaidi, ila kinywaji kilihesabiwa kuwa hakivunji mfungo. Basi wakapika bia nzito yenye kimea kingi ili iwape nguvu. Kwao ulikuwa mkate wa kunywa.

Habari zao za kwanza zimo katika barua ya malalamiko. Mwaka 1634 wapika bia wa Munich waliwashtaki kwa baraza la mji kwamba wanauza bia nje ya monasteri na kuwaharibia biashara. Kibali rasmi cha kuuza kwa wananchi kilipatikana mwaka 1780. Monasteri ilifungwa mwaka 1799, na baadaye Franz Xaver Zacherl, mpika bia, akaiendeleza kazi hiyo.

Tunachokijua leo

Ni kweli bia ya kimea inashibisha, kwa sababu ina wanga. Lakini wanga huo unakuja pamoja na pombe, na hapo ndipo mtoto anapoumia.

Mama mjamzito akinywa, pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kudhuru ubongo wake maisha yote. Akinyonyesha, pombe iliyo kwenye damu yake huingia pia kwenye maziwa. Tena pombe hupunguza homoni inayosukuma maziwa yatoke, hivyo mtoto huambulia kidogo, kinyume na shangazi anavyoamini. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kinachoongeza maziwa ni kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, usiku na mchana, kila anapohitaji. Mama naye ale vizuri: uji, maharage, dagaa, mboga za majani, na anywe maji ya kutosha. Akiona mtoto haongezeki uzito, au yeye mwenyewe ana kizunguzungu na uchovu usioisha, awahi kliniki akapimwe damu.

Watawa wale walikuwa watu wazima waliojichagulia mfungo wao. Kichanga hachagui. Shangazi akija na chupa, mshukuru kwa upendo wake, kisha mwombe aingie jikoni akoroge uji.