‘Ni kifua tu’: Msamiati wa mapafu unavyotuponyoka

MWAKA uliopita niliombwa na kikundi kimoja cha afya ya jamii kutafsiri bango la kuwafunza wazazi dalili za nimonia kwa watoto. Kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi, niliiona kazi ya jioni moja. Niliandika hivi: “Mtoto akitweta na mbavu zikibonyea, mfikishe hospitalini upesi.” Sentensi fupi, sahihi kisarufi, na nilijipongeza kimoyomoyo.

Bango lilipelekwa Olenguruone, kule Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru. Nami nikaenda. Wasiopajua wakumbuke kwamba huko ni nyanda za juu za Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya chai na viazi, na baridi yake haina mzaha. Akina mama walisoma bango wakanyamaza. Kisha kogo mmoja, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, akaniuliza: “Mwalimu, hiyo kutweta ni nini? Ni kutapika?”

Watu walicheka. Mimi sikucheka sana. Mzazi anayesubiri mtoto atapike ndipo ampeleke hospitalini anaweza kukesha na mtoto anayekosa hewa.

Nilimuuliza yeye angesemaje. Akajibu bila kusita: “Mtoto anapumua mbio mbio, na hapa chini ya kifua inaingia ndani.” Akaweka kiganja chini ya mbavu zake kunionyesha. Upatanisho wa kisarufi katika “kifua inaingia” ungemfanya mtahini achukue kalamu nyekundu. Hata hivyo, kogo alikuwa ametaja dalili mbili ambazo wahudumu wa afya hufunzwa kuzitafuta, na kwa mpangilio uleule.

Dalili ya kwanza ina historia yake. Katika miaka ya themanini, daktari Frank Shann na wenzake walichunguza watoto huko Goroka, Papua New Guinea. Hospitali za vijijini hazikuwa na eksirei ya kila mtoto, nao walitaka kujua mhudumu asiye na mashine atatambuaje nimonia. Ilibainika kwamba kuhesabu pumzi kunasaidia kuliko kusikiliza kifua kwa bomba la daktari. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni huu: mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, yuko hatarini, wa miezi miwili hadi kumi na miwili, mara 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40 au zaidi. Ahesabiwe dakika nzima akiwa ametulia, kwa maana mtoto anayelia hupumua kwa kasi hata akiwa mzima. Kama sehemu ya chini ya kifua inadidimia anapovuta pumzi, hiyo ndiyo “inaingia ndani” ya kogo.

Sasa tulitazame neno homa. Kamusi zinatuambia homa ni joto la mwili lililopanda kupita kiasi kwa sababu ya ugonjwa. Lakini keti kwenye matatu ya kutoka Molo usikilize: “Niko na homa” maana yake pua inachuruzika. Kwa Mkenya wa bara, homa ni mafua, na ile homa ya kamusi huitwa “joto” au “mwili moto”. Basi mtu akiandika homa ya mapafu akimaanisha nimonia, msomaji anaweza kuelewa mafua yaliyoshuka kidogo kifuani. Mafua hutibiwa kwa chai ya tangawizi na blanketi. Nimonia ya bakteria inataka antibiotiki, na kuchelewa kunaua.

Kifua nacho kina mambo. Hiki ni kiungo cha mwili kilichogeuka jina la ugonjwa, taashira ileile inayotufanya tuseme mtu “ana tumbo”. “Niko na kifua” huweza kuwa kikohozi cha siku mbili, pumu, au kitu kibaya zaidi. Wataalamu walipotafuta jina la ugonjwa alioueleza Robert Koch mwaka 1882 tukapata kifua kikuu, yaani -kuu ya barabara kuu na mwalimu mkuu. Ni istilahi nzuri. Tatizo ni kwamba mwenye “kifua” hajioni kuwa na “kifua kikuu”. Chake ni kifua tu.

Hilo tu ndilo linalonikosesha usingizi. Kati ya 2015 na 2016, Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu kuenea kwa kifua kikuu, ikawapima watu wazima zaidi ya 60,000. Ilikadiriwa kwamba kati ya kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabarani. Wengi wa waliokuwa na dalili hawakuwa wametafuta matibabu, na sababu kubwa waliyoitoa ni kwamba hawakuona dalili hizo kuwa jambo zito. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyowazuia. Nauli na foleni zipo. Ila nasikia sauti ya Kiswahili chetu katika jibu lile. Na inauma zaidi ukijua kwamba majaribio ya kupunguza muda wa tiba kutoka mwaka mmoja na nusu hivi hadi miezi sita yalifanywa papa hapa, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, kuanzia mwaka 1970, kwa ushirikiano na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Makohozi ya watu wetu yalisaidia kufupisha matibabu ya ulimwengu.

Watafiti wengine walikiri mapema kwamba maneno yangewaponyoka. Katika miaka ya tisini, utafiti wa kimataifa wa pumu kwa watoto, ambao Eldoret na Nairobi zilishiriki, ulitaka kuuliza kuhusu ule mlio mwembamba wa kifua cha mwenye pumu. Lugha nyingi hazina neno moja la mlio huo. Sisi tuna kukoroma, lakini huko ni kwa aliyelala. Hivyo ilitengenezwa video huko Wellington, New Zealand, ikionyesha kijana akihangaika kupumua, na wanafunzi wa miaka 13 na 14 wakaulizwa iwapo pumzi zao zimewahi kuwa hivyo. Nilipoigiza mlio huo pale Olenguruone, akina mama walisema, “Hiyo ni kifua inalia.” Kifua kulia! Sijui kwa nini hatujaliingiza kamusini.

Kuhusu moshi, huko jikoni ndiko kwenye joto, na mlango hufungwa. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya utafiti Laikipia na kuuchapisha mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Walifuatilia watu 345 katika nyumba 55 na kuona kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi ndivyo maradhi ya njia ya hewa yanavyomwandama. Walionya pia kwamba wastani wa moshi wa nyumba nzima humficha mpishi, kwa kuwa ndiye anayeinamia mafiga moto unapochochewa. Hata hivyo tusiharakishe kuahidi. Nchini Malawi majiko bora yalijaribiwa kwa kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, na nimonia haikupungua.

Wapo wenzangu watakaosema ninataka Kiswahili sanifu kitupwe. La. Ninaipenda kutweta na darasani nitaifundisha. Lakini bango si darasa. Nililiandika upya nikiwa nimeketi kando ya kogo, nikimsomea kila mstari kwa sauti. Tulibishana mara moja tu. Nilisisitiza “kifua kinaingia ndani” badala ya “inaingia”, akaniachia akisema, “Hiyo ki yako haina shida, bora waelewe.”

Bango sasa linasema: “Mtoto akipumua mbio mbio, au chini ya kifua kukiingia ndani akivuta pumzi, usingoje asubuhi.” Maneno mawili ya mwisho ni yake.