Shali Nyeupe Msituni

Mwanafunzi wetu afungapo safari ya masomo kwenda Marekani, jamaa humwasa juu ya baridi, gharama na upweke. Aghalabu hakuna amtajiaye bunduki za Novemba. Si ajabu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwetu msimu wa kuwinda ni maneno tu.

Katika jimbo la Maine, Novemba ndio mwezi wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na wawindaji huingia misitu ile ile ipitwayo na wapenda matembezi. Mwaka 1988 mama mmoja aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Na kulungu wa huko, ashtukapo, huinua mkia uonyeshao weupe. Mwindaji alishtakiwa, na mwaka 1990 akaonekana hana hatia. Wako waliomlaumu marehemu kwa mavazi yake! Mimi, mwanaisimu, sikubali: jukumu la kusoma ishara barabara ni la mwenye bunduki.

Hata hivyo, risasi haingoji mjadala wetu. Shali nyeupe na ibaki bwenini. Mwanafunzi avae kizibao na kofia za rangi ya machungwa iwakayo, ambayo binadamu huiona kwa mbali ilhali kulungu haitofautishi vyema na majani. Aepuke alfajiri na magharibi. Jumapili sheria ya Maine hairuhusu kuwinda. Atembee siku hiyo. Majimbo mengine yana kanuni zao, na ni heri aulize kabla ya kufunga kamba za viatu.