Pazia la Kijani na Kikombe cha Chai: Sanaa, Mjadala na Vita vya Sudan Jijini Nairobi (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia katika mfululizo huu ilieleza chimbuko la vita vilivyozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la taifa la Sudan, linaloongozwa na Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, na kikosi cha wanamgambo cha RSF kilicho chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, ambaye wengi humjua kwa jina la Hemedti. Sehemu hii inaingia katika swali gumu zaidi, nalo ni kwa nini vita ambavyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2025 vilikuwa vimewang'oa makwao watu zaidi ya milioni 12 havijapata nafasi katika mazungumzo ya kila siku ya mkazi wa Nairobi, na ni kwa njia gani sanaa, ikishikamana na mjadala wa hadhara, inaweza kumwonyesha mkazi huyo kwamba vita hivyo vinamhusu yeye na vinauhusu ulimwengu. Mjadala wa hadhara hapa una maana ya mazungumzo yanayofanyika mahali pasipo kiingilio wala cheo, ambapo anayesikiliza ana haki sawa na anayesema, ya kuuliza, kupinga na kutoa habari aliyo nayo. Takwimu peke yake imeshindwa kazi hii, kwa kuwa milioni 12 hutamkwa kwa pumzi moja na msikilizaji haoni pa kuishikia.

Mfano ulio karibu zaidi ni filamu inayoitwa Khartoum, ambayo ni filamu ya hali halisi, yaani ile inayosimulia maisha ya watu wa kweli badala ya wahusika wa kubuni. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani mnamo Januari 2025, na mwezi uliofuata ikafika katika tamasha la Berlin. Waongozaji wake ni Wasudan wanne, Anas Saeed, Rawia Alhag, Ibrahim Snoopy Ahmad na Timeea Mohamed Ahmed, pamoja na Mwingereza Phil Cox. Walianza kuipiga kabla ya vita, kwa simu za mkononi, wakifuatana na wakazi watano wa mji huo: mtumishi wa serikali mwenye mapenzi makubwa na njiwa, mwanamke muuza chai, kijana mmoja wa kamati za upinzani za mitaani, na wavulana wawili waliokuwa wakiokota chupa za plastiki ili wapate riziki. Bunduki zilipoanza kulia, waongozaji na wahusika walitawanyika, wakavuka mipaka, na hatimaye wakakutana upya Nairobi, mbali na mji waliokuwa wakiusimulia na ambao hawakuweza tena kuukanyaga, sembuse kuupiga picha.

Njia waliyoipata ni pazia la kijani. Hiki ni kitambaa cha rangi moja kinachotandazwa nyuma ya mwigizaji, kisha kompyuta hulifuta lile eneo lote la kijani na kuweka picha nyingine mahali pake, ikawa mtu aliyesimama chumbani anaonekana yuko barabarani au ukingoni mwa mto. Rangi ya kijani huchaguliwa kwa sababu iko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu, kwa hiyo mashine haikosei ikamfuta mtu pamoja na kitambaa. Mbele ya pazia hilo kila mmoja wa wale watano aliigiza upya yaliyomkuta, na wenzake wakashika nafasi za watu waliokuwamo katika simulizi yake, hata nafasi za wale waliomtisha. Mbinu hii kwa kawaida hutumiwa kutengeneza mambo yasiyokuwapo, lakini hapa ilitumiwa kurudisha mji uliokuwapo na ukaharibiwa, na katika fremu nzima kitu pekee kilichokuwa halisi mbele ya kamera kilikuwa ni mtu na kumbukumbu yake. Hakuna ripoti ya shirika lolote iliyoonyesha kwa uwazi kiasi hicho maana ya kupoteza mji.

Hata hivyo, mtazamaji wa Nairobi anaweza kutoka katika filamu hiyo akiwa na machozi na bado akaamini kwamba aliyoyaona ni masaibu ya watu wengine. Hapo ndipo mjadala unapohitajika, na mahali pazuri pa kuuanzia ni kwa yule mwanamke muuza chai. Wanawake wa kazi hiyo ni sehemu ya sura ya Khartoum: huketi kando ya barabara na jiko la makaa, na wateja wao hukaa kwenye vigoda vifupi wakinywa chai ya rangi iliyotiwa viungo. Sudan haina mashamba makubwa ya chai, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakuu wa chai ya Kenya inayopigwa mnada Mombasa. Jani lililochumwa Kericho au Murang'a lilisafiri kwa meli hadi Port Sudan, likaishia katika birika la mama kama yule, na fedha alizolipa mteja wake zilirudi, baada ya kupita mikono mingi, kwa mkulima aliyekuwa akingojea bonasi yake.

Uzi huo ulikatika hadharani mwaka 2025. Mnamo Februari mwaka huo RSF na washirika wake walikutana katika jumba la mikutano la KICC, katikati ya jiji, na siku chache baadaye wakatia saini jijini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba ilitoa jukwaa la mazungumzo tu, lakini Sudan ilimwita nyumbani balozi wake, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwamo, huku wafanyabiashara wakilalamika kuhusu makontena yaliyokwama. Kwa hiyo yule muuza chai aliyesimama mbele ya pazia la kijani na mkulima wa Kericho wamo katika simulizi moja, na sehemu ya simulizi hiyo iliandikwa katikati ya Nairobi. Jambo hili halijaelezwa vya kutosha kwa Wakenya, na ni haki yao kulielewa.

Uhusiano wa namna hiyo haukomei Kenya. Katika nyanda za Kordofan na Darfur humea aina ya mgunga unaotoa utomvu uitwao gundi ya arabu, na sehemu kubwa ya gundi hiyo inayotumiwa duniani hutoka Sudan. Gundi hii huzuia viungo vya soda visitengane ndani ya chupa, hutumiwa katika peremende, dawa na wino wa kuchapia, na umuhimu wake ulidhihirika Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, kwani bidhaa nyingi zilifungiwa lakini gundi ikaachiwa mlango. Mchoraji naye hawezi kuikwepa, kwa kuwa rangi za maji, yaani zile zinazoyeyushwa kwa maji na kupakwa kwenye karatasi, ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi hiyohiyo. Msanii anayechora mateso ya Kordofan kwa rangi za maji ameshika mkononi zao la Kordofan, na mwalimu yeyote anayetaka kuwaeleza wanafunzi biashara ya dunia angeweza kuanza na kiboksi cha rangi na asihitaji ramani.

Wasanii wa Sudan wenyewe wamekuwapo Nairobi tangu zamani. Eltayeb Dawelbait, ambaye huchora nyuso juu ya mbao kuukuu za milango na masanduku, alikuwa amefanya kazi jijini kwa miaka mingi kabla ya vita hivi. Baada ya Aprili 2023 walifuata wengine wengi, vijana waliokimbia na kuacha kazi zao zimefungiwa ndani ya nyumba na maghala ya Khartoum, na Rahiem Shadad, mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Downtown Gallery katika mji huo, alianzisha Nairobi makazi ya muda ya wasanii yaitwayo The Rest, ambako mkimbizi hupata mahali pa kulala na pia meza ya kufanyia kazi. Nao wanafuata njia ambayo wasanii wa nchi yao waliifungua zamani. Mchoraji Ibrahim el-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alifungwa katika gereza la Kober mwaka 1975 bila kushtakiwa, akanyimwa karatasi, naye akawa anachora kwenye vipande vya mifuko ya saruji na kuvifukia mchangani walinzi wasivione. Vijana wa leo wamerithi kutoka kwake, pamoja na mtindo, uzoefu wa kuchora wakati kuchora ni hatari.

Kasoro iko katika mahali kazi zao zinapoonyeshwa. Kumbi nyingi za sanaa za Nairobi zimehamia vitongoji vya magharibi na vya kaskazini. Circle Art Gallery, ambayo imewahudumia vizuri wachoraji wa Sudan na wa Afrika Mashariki kwa jumla, iko Barabara ya James Gichuru, Lavington. Makazi hayo ni tulivu, yana mageti na walinzi, na ingawa kuingia kwenye ukumbi hakulipiwi, abiria wa matatu anayepita kuelekea Kawangware haoni dalili yoyote kwamba nyuma ya ukuta kuna picha inayomzungumzia. Lawama haimwendei mwenye ukumbi, ambaye analipa kodi na kuwauzia wasanii kazi zao ili waishi. Lakini picha ikiishia hapo, vita huwa jambo la watu wachache wenye nafasi ya kutembelea majumba ya sanaa Jumamosi alasiri.

Tatizo hili lina historia. Guernica, picha kubwa ya Pablo Picasso kuhusu mji wa Hispania uliopigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitalia tarehe 26 Aprili 1937, ilipopelekwa London mwaka 1938 ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa mtaa wa kifahari, kisha mapema mwaka 1939 ikahamishiwa Whitechapel, eneo la wafanyakazi mashariki mwa mji. Huko kiingilio kilikuwa jozi ya buti zinazofaa kupelekwa kwa wapiganaji wa Hispania. Picha ilikuwa ileile, lakini mfanyakazi aliyeiendea akiwa amebeba viatu alikuwa ameshachagua upande kabla hajaiona.

Nairobi haihitaji kuazima mfano London. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, mpiga picha Boniface Mwangi alianzisha mwaka 2009 maonyesho yaitwayo Picha Mtaani, ambayo yaliweka picha za machafuko hayo nje, katika mitaa ya Nairobi na ya miji mingine, palepale wapita njia wanapopita. Watu walisimama na mizigo yao, wakatazama, kisha wakazungumza. Nguvu ya maonyesho hayo ilitokana na mazungumzo hayo kama ilivyotokana na picha. Uwanja wa kufanya vivyo hivyo kwa Sudan upo tayari: Bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, ndiyo makao ya Bunge la Mwananchi, baraza la watu wa kawaida wanaoketi kwenye benchi na kujadili mambo ya nchi kwa Kiswahili. Kutoka hapo hadi Goethe-Institut na Alliance Française, zilizo na kumbi za maonyesho na filamu, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Wapo watakaouliza kama haki inatendeka pale uchungu wa mkimbizi unapotundikwa mahali penye kelele za wachuuzi. Wasiwasi huo ni wa maana, na jibu lake ni kwamba msanii mwenyewe aulizwe, awepo, na awe na uhuru wa kunyamaza. Kuna pia hatari kwamba mashabiki wa upande mmoja wa vita wataliteka baraza, lakini upande mmoja wa vita ulishapata jukwaa katika jengo kubwa kuliko benchi za Jeevanjee, nao raia waliokimbia pande zote mbili hawajapata.

Linabaki suala la lugha, ambalo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Msudan akisema kwa Kiarabu maneno ya askari, amani, haki, dhuluma na chai, Mswahili huyatambua kabla mkalimani hajafungua kinywa. Tena upande wa kusini-magharibi wa jiji, Kibra, wanaishi Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan walioletwa na Waingereza kuwapigania vita vyao, ambao lugha yao ya Kinubi ilizaliwa na Kiarabu cha kambini na ambao walisubiri hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ardhi ya ekari 288. Jamii hiyo imejua kwa zaidi ya karne moja vita vya Sudan humfikisha mtu wapi. Filamu ya Khartoum ikitandaziwa kitambaa cheupe usiku mmoja katika Bustani ya Jeevanjee, viti vya mbele ni vyao.

(Itaendelea)