Je, "Xmas" Inamfuta Kristo? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuatilia namna tarehe 25 Desemba ilivyoingia katika kalenda ya Wakristo, tukafika kwenye orodha ya Roma ya mwaka 354, ambayo ndani yake imo kumbukumbu inayorudi nyuma hadi 336. Leo tuiache tarehe, tulishike jina.

Desemba ikianza, madirisha ya maduka ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu hujaa pamba nyeupe, nyota za karatasi na neno moja la herufi nne: Xmas. Utaliona kwenye mabango ya bei nafuu, kwenye vioo vya matatu zinazopanda Kondele, na kwenye jumbe za simu zinazotoka Nairobi kutangulia mabasi ya watu wanaorudi nyumbani. Na kila mwaka, katika mikutano ya injili, vikundi vya maombi na jumbe za WhatsApp zinazosambazwa kutoka simu hadi simu, linarudi shtaka lile lile: kwamba waliobuni neno hilo walimng'oa Kristo katika sikukuu yake, wakaweka X mahali pake. Baadhi ya wahubiri huwakataza waumini wao kabisa kuliandika.

Sitaki kulipuuza shtaka hili, kwa sababu wanaolitoa wana uchungu wa kweli, na hapa Kenya uchungu huo una mizizi. Mtoto wetu anaijua X tangu darasa la kwanza: mwalimu akiiweka kando ya jibu, umekosa. Akifika darasa la hesabu, X ni kitu kisichojulikana. Akiwa mtu mzima na kibanda chake, X nyekundu ikichorwa ukutani maana yake ni kwamba tingatinga liko njiani. Wakazi wa Kisumu waliiona alama hiyo kwa wingi miaka ile ya kufufua bandari na kudai upya ardhi ya reli. Mtu aliyelelewa na X ya namna hii, umwoneshe X mbele ya sikukuu ya Mwokozi wake, atafikiri nini? Atafikiri kuna kitu kimefutwa.

Lakini X ya Xmas haikutoka huko. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na kwa Kigiriki jina Kristo huandikwa ΧΡΙΣΤΟΣ. Herufi ya kwanza huitwa Khi. Umbo lake ni sawasawa na X yetu, ila sauti yake ni "kh". Kwa hiyo anayeandika Xmas ameanza kuandika Kristo kwa herufi ya kwanza ya jina lenyewe, kama walivyoliandika mitume na wanafunzi wao.

Hapo wengi huishia, na wanaopinga hujibu: sawa, lakini kwa nini kulikata jina takatifu? Mbona tusiliandike lote? Jibu la swali hilo ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Nakala za kale kabisa za maandiko ya Kikristo tulizo nazo zina desturi moja ya ajabu. Chukua mafunjo yanayoitwa P46, yenye barua za Paulo, yaliyoandikwa karibu na mwaka 200. Sehemu yake iko Dublin katika maktaba ya Chester Beatty, na nyingine iko katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Humo mwandishi akifika kwenye maneno Mungu, Bwana, Yesu na Kristo, haandiki neno zima. Anaandika herufi zake chache, mara nyingi ya kwanza na ya mwisho, kisha anapiga kistari juu yake. Desturi hii imo karibu katika nakala zote za Kikristo za karne zile, na baadaye ilienea hadi maneno kama kumi na matano, yote matakatifu au yanayogusa utakatifu.

Je, walikuwa wakiokoa karatasi? Tazama kurasa zenyewe. Maneno marefu ya kawaida, yale ambayo yangeokoa nafasi kubwa, yameandikwa yote. Yaliyofupishwa ni mafupi tayari: Mungu kwa Kigiriki ni herufi nne tu, Theos kwa matamshi yetu. Marehemu Profesa Larry Hurtado wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyeyachunguza mafunjo haya kwa miaka mingi, alishikilia kwamba ufupisho huo ulikuwa tendo la heshima. Kistari kile cha juu kilimwambia msomaji: simama, hapa pana Jina. Naikubali hoja hiyo. Siioni njia nyingine ya kueleza kwa nini mtu afupishe "Mungu" na aache neno refu la safari au la chakula likae katika urefu wake.

Basi kwa wale watu, waliokuwa karibu na mitume kuliko kanisa lolote la leo, wakati ambapo kukiri imani kungeweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu na hata kuuawa, ufupisho ndio uliokuwa alama ya unyenyekevu. Baadaye Khi ikaunganishwa na herufi inayofuata, Rho, inayofanana na P yetu, zikawa nembo moja. Hiyo ndiyo nembo ya Konstantino baada ya vita vya mwaka 312, na bado imetariziwa kwenye mavazi ya makasisi na vitambaa vya altare hadi leo.

Huhitaji kusafiri hadi Dublin kuona mambo haya. Kanisa la Kiorthodoksi lina dayosisi ya Kisumu na Magharibi mwa Kenya. Ingia katika kanisa lao lolote, simama mbele ya picha takatifu ya Yesu, utaona herufi nne: IC XC. Ni herufi za kwanza na za mwisho za Yesu na za Kristo. Nenda katika makanisa ya Kikatoliki utaona IHS, nayo ni mwanzo wa jina Yesu kwa Kigiriki, na juu ya msalaba utaona INRI. Hakuna mama wa Kibuye aliyewahi kutoka misani akilalamika kwamba kasisi amemkata Yesu.

Kuna ukurasa mmoja ninaotamani kila mhubiri wa pwani hii ya ziwa auone, hata kwa picha. Watawa wa Ireland waliandika injili nne kwa mkono karibu na mwaka 800, katika kitabu kinachoitwa Kitabu cha Kells, kilichohifadhiwa sasa Trinity College, Dublin. Walipofika Mathayo 1:18, pale habari ya kuzaliwa kwa Kristo inapoanza, walisimama. Wakaipa herufi moja karibu ukurasa mzima, wakaijaza nakshi, malaika na wanyama, kazi ambayo macho ya leo hayaamini kwamba ilifanywa kwa mkono. Herufi hiyo ni X. Habari yenyewe ya Krismasi, katika kitabu kinachopendwa kuliko vyote vya karne zile, inafunguliwa kwa jina la Kristo lililofupishwa. Mtu akisema X ni hila ya wapagani wa kisasa, ukurasa huo unamjibu.

Waingereza walirithi desturi hiyo kutoka kwa watawa wao. Mwaka 1551 tunakuta sikukuu hii imeandikwa X'temmas. Mshairi Byron aliandika Xmas mwaka 1811, na Lewis Carroll, aliyekuwa shemasi wa Kianglikana, aliiandika mwaka 1864. Neno likaja kwetu ndani ya Kiingereza, pamoja na reli iliyofika ziwani Desemba 1901.

Sasa niwaulize wale wanaolikataza. Vitabu vya historia vya watoto wetu vinaandika K.K. na B.K., yaani Kabla ya Kristo na Baada ya Kristo. Hapo jina la Kristo limebaki herufi moja tu, wala hata si ile ya Kigiriki, na sijasikia mkutano wa maombi dhidi yake. Ukiuliza njia Kendu Bay utaelekezwa kanisa la SDA. Anayeuliza Kisumu atapelekwa ACK. Ndani ya A, C na K limo Kanisa, na ndani ya SDA umo Ujio wa Bwana, na bado waumini wanazivaa herufi hizo kwa fahari kwenye fulana zao.

Hata hivyo hoja inayonigusa zaidi iko midomoni mwetu kila Jumapili. Jina la Mungu katika Agano la Kale la Kiebrania lina herufi nne, na Wayahudi kwa heshima hawalitamki. Lakini Zaburi za Kiebrania hulifupisha pia: Yah. Liko katika Zaburi ya 68, na liko mwishoni mwa neno ambalo hakuna ibada ya Kondele, Nyalenda wala Homa Bay inayokwisha bila kulipaza: Haleluya, yaani msifuni Yah. Anayepaza Haleluya katika mkesha wa tarehe 24 kisha akamkemea kijana aliyeandika Xmas, ametumia kwa kinywa kile anachokikemea kwenye karatasi.

Ndugu zetu Waislamu wamelijadili jambo linalofanana na hili kwa kina kuliko sisi. Magazeti na vitabu vya Kiswahili huandika S.A.W. baada ya jina la Mtume Muhammad. Ibn al-Salah, mwanachuoni mkubwa wa hadithi aliyefariki 1245, aliwaonya waandishi wasifupishe maneno hayo, na wapo masheikh wanaoonya hivyo hadi leo. Namwelewa. Yale maneno ni dua, na aliyeikata dua amepunguza kile alichotakiwa kukitoa. Jina lina hukumu nyingine. Likionyeshwa kwa alama ambayo jamii ya waumini wenyewe iliichagua, limetajwa kikamilifu.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa katika ugomvi huu. Wanaoilinda sehemu ya kwanza ya neno la Kiingereza hawaiulizi sehemu ya pili. Hiyo "mas" ni Misa. Wapuritani waliliona hilo na likawaudhi. Bunge la Uingereza lilifuta sikukuu hii mwaka 1647, na huko Massachusetts aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi 5 kuanzia 1659 hadi 1681. Waquaker wa mwanzo, mababu wa kiroho wa wamisionari waliofika Kaimosi, kaskazini mwa Kisumu, mwaka 1902, walifungua maduka yao tarehe 25 kama siku yoyote, kwa imani kwamba kila siku ni ya Bwana. Hawa wote walimpenda Kristo. Leo watoto wa Kaimosi wanaimba nyimbo za Krismasi, na wao pia wanampenda.

Mwandishi C. S. Lewis, aliyeitetea imani ya Kikristo kwa kalamu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1954 makala ya kubuni kuhusu kisiwa chenye sikukuu mbili katika siku moja: moja ya kununua na kuchoka, ikibeba jina lenye X, na nyingine ya watu wachache waliokwenda hekaluni. Wengi humtaja kana kwamba aliilaani herufi. Aliyoilaani ni ile sikukuu ya kwanza, na hapo nasimama naye. Nauli ya kutoka Nairobi kuja Kisumu ikipandishwa maradufu wiki ya sikukuu, mama mwenye watoto watatu akalala stendi kwa kukosa tofauti hiyo, hapo ndipo Kristo ameondolewa, hata kama ubavuni mwa basi neno Christmas limeandikwa kwa ukamilifu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kufupisha jina la Krismasi si dharau kwa imani ya Kikristo. Mwenye duka wa Kisumu, awe Mkristo, Mhindu au Mwislamu, anayebandika Xmas dirishani hana kosa la kukufuru, na kumtangaza kwenye mimbari kwamba ana kosa hilo ni kumshuhudia jirani uongo, jambo ambalo amri za Mungu zinalikataza waziwazi.

Pamoja na hayo, kwa makanisa yetu nina ushauri tofauti kidogo. Katika matangazo ya Jumapili, kadi za mwaliko na vitabu vya nyimbo, andikeni Krismasi yote. Muumini wa Ahero au Usenge hakusoma Kigiriki, na Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba neno lisiloeleweka halimjengi msikilizaji. Kwa Warumi, sura ya 15, aliongeza kwamba mwenye nguvu amchukulie aliye dhaifu. Ikiwa X inamkwaza bibi mmoja katika jumuiya, herufi chache za ziada si gharama. Ujumbe wa kwanza kabisa wa simu duniani, uliotumwa Uingereza na Neil Papworth tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu ya Krismasi, na aliiandika bila kuifupisha.

Nawaomba walimu wa shule za Jumapili na makatekista: mwaka huu chukueni dakika kumi, wachoreeni watoto Khi na Rho ubaoni, wafundisheni jinsi waliofia imani walivyoliandika jina la Bwana wao. Mtoto akishajua hivyo, hataiogopa X dukani wala hatamhukumu aliyeiandika.

Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutavuka Ghuba ya Winam hadi Gendia, walikofika Arthur Carscallen na Peter Nyambo mwaka 1906, tueleze kwa nini Waadventista wengi wa pwani ile hawaihesabu tarehe 25 Desemba kuwa siku takatifu.