Kwetu Nani Anapandisha Kinga Mlimani?

Masomo yanaelekea mwisho na kiangazi kimeingia. Barabara zinakauka, na katika vikundi vyetu maneno ni yale yale ya kila likizo: nani anaenda Kabambare, nani anarudi Kasongo, kinga ya nani itabeba nini. Kabla ya kufunga mizigo, tuzungumze kidogo juu ya safari hiyo, maana mwaka jana ilitufundisha somo kali.

Mwezi uliopita tulikuwa tunafundisha jografia, habari ya milima ya Alpi huko Ulaya. Tuliwaeleza watoto kwamba wakati wa baridi watu wa kule wanateleza juu ya theluji. Ili wasichoke kupanda, wametengeneza viti na vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba nene za chuma, na mashine inavivuta mpaka juu. Theluji ikiyeyuka, mashine nyingi hazilali: wakati wa joto zinapandisha watu pamoja na kinga zao. Mtu analipa tiketi, kinga inatundikwa, naye anafika juu bila jasho, kisha anateremka kwa njia ya udongo. Mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, sehemu inayoitwa Portes du Soleil, vituo 12 vya milimani vimeunganisha njia zao, hata mtu anaweza kuzunguka nchi mbili kwa siku moja. Na kule Alpe d'Huez, Ufaransa, kuna mashindano ya kinga yanayoanzia juu ya barafu, kwenye urefu wa meta 3330.

Watoto walicheka sana. Lakini kijana mmoja akainua mkono wa kushoto, akauliza: “Mwalimu, na kwetu nani anapandisha kinga?”

Tulinyamaza. Jibu tulilijua: mwaka jana ni yeye aliyepandisha.

Tulikuwa wamama sita na kinga nne. Tulihesabu kilomita, zaidi ya 100, tukahesabu na siku. Milima hatukuihesabu. Kila mama alishika usukani, na nyuma ya kila kinga aliwekwa mtoto wa kusukuma. Kijana huyu, mwenye miaka 12, alisukuma bidoni mbili za mafuta ya mawese. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 18 hivi. Mbili ni kilo 36, bila kuhesabu kinga yenyewe. Alipanda mlima wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye mteremko miguu ilikuwa imekwisha nguvu, breki zikashindwa, kinga ikamvuta mpaka chini. Mafuta yalimwagika. Mkono wa kulia ulivunjika, na masomo yalipoanza yeye alikuwa angali nyumbani. Mpaka leo anaandika kwa kushoto.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mama yake. Sisi sote tulikuwa pale, na hakuna aliyesema neno.

Kumbe hata kule Alpi mlima haupandwi bure. Mashine inachukua uchovu, na mwenye tiketi analipa. Kwetu pia kuna anayelipa, ila hatumwandiki popote. Kwa hiyo safari hii tumepatana mambo matano.

Kwanza, tuchore njia kwenye karatasi. Tuwaulize wanaoipita kila juma, tutie alama kwenye kila mlima, kila mto na kila kijiji cha kulala. Pembeni ya kila mlima tuandike jina la mtu atakayesukuma. Jina likiwa la mtoto, tulifute.

Pili, mzigo mzito uteremke, usipande. Ndugu zetu wa Goma wanajua siri hii: chukudu, kinga yao ya mbao, inasukumwa mlimani kwa jasho, lakini ikibeba mazao kutoka mashamba ya juu kuja mjini, mteremko wenyewe unafanya kazi. Nasi tuulize bei kabla ya kutoka. Chumvi na sabuni tukivipata kule kwa bei inayokaribia ya kwetu, kwa nini tuvipandishe?

Tatu, kwenye mlima mrefu tugawanye mzigo. Nusu ipande kwanza na mtu mmoja abaki kuilinda, kisha turudi kuchukua nusu ya pili. Au likelemba yetu ilipie pikipiki ichukue mizigo peke yake mpaka juu, sisi tufuate na kinga tupu. Hiyo ndiyo mashine yetu ya Alpi. Tukichanga sote, kila mmoja atatoa kidogo, na ni kidogo kuliko bei ya kutibu mkono uliovunjika.

Nne, mteremko uogopwe kuliko mlima. Fundi aangalie breki siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya kutoka. Mzigo ukae chini, sawasawa pande zote mbili. Usibane breki muda wote, maana zinapata moto na kulegea: bana, achia, bana tena. Penye mteremko mkali, shuka utembee.

Tano, tuulize habari za usalama kwa chifu wa kila sehemu, na tukiambiwa tusubiri, tusubiri. Tutoke alfajiri, tupumzike jua likiwa kali, na tufike kijijini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani. Ugali na sombe vitaliwa tukifika. Njiani karanga na ndizi zinatosha.

Na watoto? Waje, kwa sababu kuwaona bibi na babu ni haki yao. Watembee, waimbe, wabebe nguo zao na chupa zao za maji. Likizo ni yao pia.

Mkutano ujao kila mama alete kalamu. Karatasi tutaleta sisi, na tutaichora njia pamoja. Kijana wetu ameomba aandike majina ya milima. Tumemkubalia, kwa sharti moja: jina lake lisionekane pembeni ya mlima hata mmoja.