Santuri Iliyotangulia Mchezo Wake

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika santuri iitwayo "Bombshell", iliyotolewa Marekani na kampuni ya Columbia tarehe 12 Februari 2013, mafahali hao wametiwa zizi moja. Tena wote wawili ni wanawake, na wote wawili wamepewa kuwa mtu yule yule mmoja. Tangu siku hiyo hadi leo wapenzi wa santuri ile hawajamaliza kuteta. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kupima maneno yaimbwayo, nimeisikiliza kwa makini, nikawasikiliza na wanaoteta, na leo nataka tuyapime pamoja, ndugu msomaji, tuone haki iko upande gani.

Kwanza kisa chenyewe, maana si kila mmoja wetu alikiona. Tarehe 6 Februari 2012 televisheni ya NBC ilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo wenye nyimbo ndani yake, jina lake "Smash". Aliyeuanzisha ni Theresa Rebeck, na miongoni mwa wasimamizi wake wakuu alikuwako Steven Spielberg, yule mtengeneza filamu. Ndani yake watunzi wawili wa New York, Tom na Julia, wanaandika mchezo wa jukwaani juu ya maisha ya Marilyn Monroe, mcheza filamu aliyezaliwa mwaka 1926 akafa mwaka 1962, umri wake miaka 36 tu. Huo mchezo wa ndani ya mchezo ndio "Bombshell".

Basi wanatokea wasichana wawili, kila mmoja anautaka u-Marilyn. Wa kwanza ni Ivy Lynn, mwana wa jukwaa, anayechezwa na Megan Hilty. Wa pili ni Karen Cartwright, mgeni aliyetoka jimbo la Iowa kuja mjini kutafuta riziki, anayechezwa na Katharine McPhee. Nyimbo za "Bombshell" zilitungwa na Marc Shaiman na Scott Wittman, mabwana wawili ambao mchezo wao "Hairspray" ulivuma sana New York tangu mwaka 2002. Usiku wa kwanza "Smash" ilipata watazamaji zaidi ya milioni 11. Ngoma ivumayo haidumu: watazamaji walipungua wiki baada ya wiki, na tarehe 26 Mei 2013, mwisho wa msimu wa pili, mchezo ukafungwa. Mchezo umekwenda, santuri imebaki.

Hapa yafaa nieleze jambo moja, kwani bila ya kulijua utayaona mabishano ya wapenzi hawa kuwa kelele za bure. Kwa desturi ya Wamarekani, santuri ya waigizaji huja nyuma ya mchezo. Mchezo hufunguliwa kwanza, sauti zikapikika mbele za watu, kisha waigizaji huitwa studio, aghalabu siku yao ya mapumziko, wakaimba kama wanavyoimba jukwaani. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Oklahoma!" mwaka 1943, ambayo kampuni ya Decca iliitia katika fungu la sahani sita, na mtu asiye na nauli ya kwenda New York akaweza kuzisikia nyimbo za mchezo nyumbani kwake.

Televisheni hugeuza mambo. Kwa kawaida mwimbaji huingia studio kwanza, akaimba wimbo mpaka ukakamilika, kisha mbele ya kamera huigiza akiifuata sauti yake mwenyewe iliyokwisha kunaswa. Hata mwaka 1957, Rodgers na Hammerstein walipoandika "Cinderella" kwa ajili ya televisheni, naye Julie Andrews akaimba moja kwa moja mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100, santuri yake ilikuwa imekwisha kurekodiwa kabla ya usiku wenyewe.

Lakini "Bombshell" imewapita wote. "Cinderella" angalau ilikuwa mchezo. "Bombshell" ilipotolewa, hapakuwa na jumba lolote duniani lililowahi kuuchezesha mchezo wa jina hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Nyimbo zilikuwako, waimbaji walikuwako, na mchezo haukuwako. Mwana amezaliwa, mama bado! Ndipo wapenzi wakawa hawana pengine pa kuuona mchezo ila katika masikio yao, na kila sikio likajenga ukumbi wake.

Sasa tuwasikilize. Kundi la kwanza ni la Ivy, na kelele zao ndizo kubwa. Hao husema Marilyn ni Hilty, na mwengine ni mpangaji tu. Hoja yao ina miguu. Hilty hakuletwa na televisheni. Alikwisha kuimba New York katika "Wicked", akiwa Glinda, na katika "9 to 5" mwaka 2009. Sauti yake imezoea kumfuata mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Wapenzi wake hukwambia sikiliza "Let's Be Bad", kisha sikiliza "They Just Keep Moving the Line", halafu urudi utuambie kama kuna la kubishana.

Kundi la pili ni la Karen. McPhee alijulikana mwaka 2006 aliposhika nafasi ya pili katika shindano la televisheni la "American Idol". Sauti yake ni ya karibu, ni sauti ya kunong'onezwa kipaza sauti, si ya kurushwa ukumbini. Wapenzi wa Ivy huiita nyepesi. Wapenzi wa Karen hujibu, na jibu lao si la mchezo: Marilyn mwenyewe, wasema, hakuwa mpiga mbiu. Alikuwa na sauti ndogo yenye pumzi nyingi, kama mtu anayekusimulia siri. Basi ni nani aliye karibu naye zaidi? Hao hukuelekeza kwenye "Don't Forget Me", na kwenye "Never Give All the Heart", wimbo ambao jina lake ni lile lile la shairi la W. B. Yeats, mshairi wa Ireland.

Kundi la tatu halina sauti ya kulipigania, nalo huuliza swali moja tu. Vipi mtu atafuata maisha ya mwanamke mmoja ilhali katika wimbo huu anatoka na koo hili, na katika ule anatoka na koo jengine? Santuri ya waigizaji, wasema hao, ni hadithi, wala si kapu la nyimbo. Aliyeipanga ilimbidi achague. Wengine huwajibu kwamba "Let Me Be Your Star", wimbo uliofunga usiku wa kwanza wa "Smash", na ambao mwaka 2012 uliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy, uliandikwa uimbwe na wote wawili, na utamu wake wote umo katika kule kugombania. Ukimwondoa mmoja, umeuvunja mlango ukaacha fremu.

Nami nasimama wapi? Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kusikiliza kabla ya kufunzwa kuandika. Maalimu hakuanza kwa kuuliza kama sauti ya mtoto ni tamu. Aliuliza kwanza kama herufi imetoka mahali pake. Sikifananishi Kitabu na nyimbo za dunia, Mungu apishe mbali. Nasema sikio likishafunzwa hivyo halirudi tena lilikotoka. Kwa kipimo hicho nampa Hilty. Neno likipita kinywani mwake halipotezi kiungo. Mtu asiyekijua vyema Kiingereza hulipata zima. Na mgala muue na haki umpe: katika nyimbo za majonzi McPhee hulilaza neno mahali ambapo mwenzake angelisimamisha, na majonzi hayataki kusimama. Kwa hiyo siwezi kumtoa zizini.

Najua kuna msomaji aliyekwisha kununa. Ataniuliza, una nini wewe na habari za mwanamke aliyefanywa bidhaa kwa uzuri wake? Swali ni la haki, wala sisemi tumuige. Lakini zisikilize nyimbo hizi kwa utulivu. Nyingi zina shangwe, zenye nguvu zaidi zinalia. "They Just Keep Moving the Line" ni malalamiko ya mtu ambaye kila akikaribia kufika, wenye nguvu huusogeza mpaka. "Second Hand White Baby Grand" inasimulia kinanda cheupe kilichokuwa cha mamake Marilyn. Kiliuzwa mama alipougua, na binti alipokuwa mkubwa akakitafuta mpaka akakipata. Mtunzi amekichukua kinanda hicho kilichopita mikono mingi akamfananisha nacho mwanamke mwenyewe: kimechakaa, na bado kina muziki ndani. Hiyo ni kazi ya mshairi. Anayeisikia akatoka na huruma badala ya tamaa, sikio lake halikupotea. Na tumefunzwa kwamba sikio nalo litaulizwa.

Ila kuna jambo linaloniuma. Wapenzi hawa watakuhesabia nyimbo za Hilty na za McPhee kwa vidole, na mara nyingi hawataji Shaiman wala Wittman. Ugonjwa huu sisi wa pwani tunaujua. Taarabu husifiwa kwa jina la mwimbaji, na aliyekesha akitafuta vina hukaa nyuma kabisa, hana hata kiti. Hata mabishano ya wapenzi si mageni kwetu. Miaka ya 1990, watu wa Dar es Salaam walipogawanyika kati ya TOT na Muungano, kati ya Khadija Kopa na Nasma Khamis, waliobishana juu ya waimbaji walikuwa wengi, waliouliza "nani aliyetunga?" wakawa wachache. Mpenzi wa kweli, ashike upande aupendao, na amtaje mtunzi pia.

Pamoja na hayo siwezi kuwabeza, kwa sababu ya yaliyofuata. Televisheni ilipoufunga mchezo wake, ni wapenzi wa santuri waliokataa uzikwe. Mwaka 2015 walichanga kwa hiari yao zaidi ya dola 300,000, na tarehe 8 Juni mwaka huo nyimbo za "Bombshell" zikaimbwa kwa usiku mmoja katika jumba la Minskoff, New York, na waimbaji wale wale, faida ikaenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wasanii wenye shida. Usiku mmoja! Lakini ni usiku ulionunuliwa na masikio.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 10 Aprili mchezo wa jukwaani ulifunguliwa kwa shangwe katika jumba la Imperial, jina lake si "Bombshell" bali "Smash". Uliongozwa na Susan Stroman, Ivy akachezwa na Robyn Hurder, na kisa kikageuzwa kuwa kichekesho cha watu wanaohangaika kutayarisha mchezo wa Marilyn. Nyimbo ni zile zile, na sauti ni nyengine. Wapenzi wengi wa zamani walitaka Marilyn mwenyewe, hadithi yake nzima, kama walivyokwisha kuijenga vichwani kwa miaka 12. Wakapewa mzaha juu ya watengenezaji wake. Tarehe 22 Juni mwaka huo huo pazia likafungwa, baada ya maonyesho 84.

Wako waliosema kosa ni la waandishi wa kisa kipya. Wengine wakasema ni gharama za majumba ya New York, zinazoua hata michezo mizuri. Mimi naona kulikuwa na sababu nyengine pia. Hakuna jukwaa linaloweza kushindana na lile ambalo msikilizaji amejijengea mwenyewe. Mtu aliyeisikiza santuri kwa miaka 12 amekwisha kuchagua Marilyn wake, amekwisha kumvika, amekwisha kumliza. Ukimletea mwengine, hata akiwa bora, utakuwa umemletea mgeni katika nyumba yenye wenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa wimbo ni wa nani, siwezi tena kujibu kwa neno moja kama nilivyokuwa nikijibu ujanani, kwamba ni wa mtunzi. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za HMV, waliobaki Unguja na Mombasa, ambao wengi wao hawakupata kumwona, walimfanya Siti wao kwa kumsikia tu. Wimbo hutungwa na mmoja, huimbwa na wa pili, na wa tatu ndiye anayeamua kama utaishi. Huyo wa tatu ni wewe, msomaji. Bishana utakavyo juu ya sauti, lakini jua kwamba kila unaposema "huu ni wangu" umebeba amana ya watu wawili. Namalizia kwa ubeti:

Mtunzi hutoa neno, mwimbaji akalipamba,
Msikizi kwa agano, huliweka kwenye nyumba,
Yaishapo mashindano, na ukumbi kujifumba,
Hubakia ni maneno, moyoni yakiwa mwamba.