Reli Iliyoleta, Reli Iliyofukuza

Mwaka 1928, nchini Kongo, reli ya kampuni ya BCK ilifika Ilebo, ikiunganisha Kasai na migodi ya shaba ya Katanga. Wakati huohuo kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kuwaajiri wafanyakazi pamoja na wake zao, ikawapa nyumba kambini, posho, hospitali na shule. Mtoto wa Mkasai aliyezaliwa Lubumbashi alikua akisema Kiswahili, na kijiji cha babu yake alikijua kwa kusimuliwa.

Tukitaka kuelewa jinsi mtoto huyo alivyogeuzwa mgeni, tufuatane na bei ya shaba. Iliposhuka mwaka 1957 na 1958, kazi zilipungua. Desemba 1957 watu wa asili ya nje ya Katanga walishinda uchaguzi wa mitaa ya Lubumbashi. Oktoba 1958 chama cha Conakat kikaundwa kutetea wenyeji.

Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 bei ilianguka tena, na vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyopeleka shaba pwani. Serikali ya Rais Mobutu iliendelea kuikamua Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi Union Minière, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilitoa chini ya tani 40,000 mwaka 1994.

Katika njaa hiyo, gavana wa Katanga, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu. Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, Mkasai, alipochaguliwa waziri mkuu, Wakasai wa Likasi walianza kufukuzwa. Wa Kolwezi walifuata mwaka 1993. Familia zililala stesheni kwa wiki nyingi zikingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo. Bei ya shaba hupangwa mbali, wala haina mlango wa kubisha. Jirani anao.

Leo Kongo inachimba zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, lakini maneno ya wenyeji na wakuja hayajaondoka midomoni. Sababu ni kwamba shaba imerudi bila yale yaliyowaunganisha watu. Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000. Migodi mikubwa sasa iko mikononi mwa kampuni za nje, nyingi za Kichina, na shaba hupita mpaka wa Kasumbalesa kwa malori. Kijana wa Kasai anayefika Lubumbashi kuendesha pikipiki anakutana na kijana wa Katanga asiye na kazi, wala hakuna posho ya kuwakalisha pamoja.

Sheria ya Madini ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo yenye migodi. Fedha hizo zikijenga shule ambamo watoto wa hao wawili watakaa dawati moja, ujirani utapata pa kusimama. Zisipojenga, bei itakaposhuka tena, tutarudi stesheni.